Nani Alipie Mvua? Mhadhara Kuhusu Mji na Akiba ya Chakula



Wahenga walituachia methali kwamba akiba haiozi. Kwa fedha na kwa fadhila, sawa. Kwa chakula, tuseme ukweli: akiba inaoza. Inaota ukungu, inatobolewa na wadudu, inaliwa na panya, inanyeshewa, inaibwa. Kila jamii iliyoishi mahali penye miezi ya kushiba na miezi ya kufunga mkanda imelazimika kushindana na jambo hili. Shuleni tulifundishwa mbinu zake: kuanika juani, kutia chumvi, kukausha kwa moshi, kuchachusha. Mbinu hizo ni za kweli na zimelisha watu. Hata hivyo, mbinu ni nusu ya kazi tu, tena nusu iliyo rahisi. Nusu ngumu ni mapatano. Nani anashika ufunguo? Nani analinda? Na chakula kikiharibika, hasara ni ya nani?

Hoja yangu leo ni moja, na nitaisema mapema ili asiyekubali apate muda wa kuandaa maswali. Chakula cha mtu kibaki chake, lakini hatari ya kuharibika kwa chakula hicho iwe ya wote, na mji upangwe kwa namna inayoigawa hatari hiyo. Nitawapeleka kwanza mbali, Afrika ya Kaskazini, halafu Ukambani na Tabora, kisha tutarudi hapa kwetu ziwani.

Ukuta mmoja, milango mingi

Katika milima ya Anti-Atlas, kusini mwa Moroko, wanaishi Waamazigh, wale ambao vitabu vya zamani huwaita Waberberi. Mvua yao ni ya kubahatisha. Mwaka mmoja shayiri inajaa, mwaka unaofuata hakuna cha kuvuna. Kwa karne nyingi wakulima hao walijenga maghala ya pamoja ambayo kila moja huitwa agadir. Yakiwa mengi ni igoudar. Mengine yamejengwa juu ya majabali, kama lile la Id Aissa katika kijiji cha Amtoudi, ambalo mtu hulifikia kwa kupanda njia ya mlimani huku bonde likibaki chini kabisa.

Ukipita langoni unakuta ujia mwembamba. Pande zote mbili kuna vyumba vidogo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, ghorofa mbili, tatu au zaidi. Ngazi hakuna. Mawe bapa yamechomozwa ukutani, na mwenye chumba cha juu hukanyaga jiwe baada ya jiwe akiwa na mzigo wake. Kila familia ina chumba chake chenye mlango wa mbao na kufuli yake. Ndani huwekwa shayiri, lozi, tini kavu, mafuta ya argan, asali na siagi. Huwekwa pia vitu visivyoliwa, kama hati za mashamba, mikataba ya ndoa na mapambo ya fedha ya akina mama. Tazama chini ya milango hiyo utaona tundu dogo la duara. Ni njia ya paka. Vyumba ni vya watu mbalimbali, lakini panya haheshimu mpaka wa familia, kwa hiyo na paka amepewa ruhusa ya kuingia kwa kila mtu.

Langoni hukaa mlinzi, ambaye huitwa lamin. Wenye vyumba humchagua wenyewe na kumlipa kwa sehemu ya nafaka yao. Ufunguo wa lango ni wake, ufunguo wa chumba ni wa familia. Mlinzi anaweza kuingia ghalani wakati wowote lakini hawezi kugusa shayiri ya mtu. Mwenye shayiri anaweza kufungua chumba chake lakini hawezi kukifikia bila mlinzi kumwona. Kanuni za maghala haya ziliwekwa kwa maandishi, nyingine juu ya mbao: faini ya mwizi, ujira wa mlinzi, wajibu wa kila familia ukuta unapobomoka. Karibu na mwaka 1930 mtafiti Mfaransa, Robert Montagne, alichapisha uchunguzi wa ghala la kabila la Ikounka pamoja na kanuni zake, na hapo wasomaji wa Ulaya wakaona kwamba watu waliodhaniwa hawana serikali walikuwa na sheria iliyoingia hadi kwenye mambo madogo kabisa ya ghala.

Wanafunzi wa mipango miji, zingatieni kitu kimoja katika mpangilio huu. Shayiri haikuchanganywa. Hakukuwa na lundo moja la kijiji ambalo kila mtu angechota kwa kadiri ya mahitaji yake na kuchangia kwa kadiri ya hiari yake. Kilichokuwa cha wote ni ukuta, lango, mlinzi, paka na sheria. Kwa maneno mengine, walishirikiana katika vile vitu ambavyo familia moja haiwezi kuvimudu, na wakaachiana vile ambavyo familia inaviangalia vizuri zaidi yenyewe.

Kusini mwa Tunisia, eneo la Tataouine, kuna ndugu wa maghala haya. Vyumba vyake huitwa ghorfa, na paa zake ni za mviringo kama handaki. Huko Ksar Ouled Soltane vyumba hupanda hadi ghorofa nne kuuzunguka uwanja. Wenyewe walikuwa wafugaji waliofuata malisho, na walihitaji mahali pa kuacha nafaka yao bila kuiacha mikononi mwa bahati. Matokeo yake ni mji kamili wenye kuta, lango na uwanja, ambao wakazi wake ni magunia na mitungi. Filamu ya Star Wars iliyotoka mwaka 1999 ilipohitaji mji wa kubuni katika sayari nyingine, baadhi ya picha zilipigwa Ksar Ouled Soltane na Ksar Hadada, na vyumba vya nafaka vikageuzwa makazi ya watumwa. Mamilioni ya watazamaji waliduwaa mbele ya mji wa ajabu, na wengi hawakujua kwamba wanatazama ghala la chakula.

Nisiwafiche kwamba maghala mengi kati ya haya sasa ni magofu. Wafaransa walikamilisha kuiteka Anti-Atlas mwaka 1934. Vita vya makabila vikakoma, barabara zikafika, maduka yakafunguliwa, na vijana wakaondoka kwenda Casablanca na Ufaransa kutafuta kazi. Hofu iliyowakusanya watu nyuma ya ukuta mmoja ilipoisha, ukuta nao ukakosa wa kuutengeneza. Kwa hiyo hatuwezi kuhubiri ghala la pamoja kwa sababu tu ni zuri au ni la jadi. Lazima tuulize kwanza: hapa kwetu, leo, ni hatari gani ambayo mtu mmoja haiwezi?

Mahindi chumbani

Mwaka 2004, huko Ukambani, mashariki mwa Kenya, hasa katika Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki. Kilichowaua ni sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu unaoota kwenye nafaka iliyohifadhiwa na unyevu wake. Watafiti waliofuatilia walikuta kwamba waliohifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba walikuwa katika hatari kubwa kuliko wenzao. Swali la maana ni hili: kwa nini mahindi yalikuwa ndani? Mkamba anajua ghala ni nini, na babu yake alijua zaidi. Lakini ulikuwa mwaka wa ukame, chakula kilikuwa haba, na watu waliogopa wezi. Wengine walivuna kabla ya wakati na kuyaingiza mahindi mabichi mahali wanapolala ili wayalinde kwa macho yao.

Kwa utaalamu, jibu linajulikana. Mahindi yakaushwe hadi unyevu ushuke kwenye asilimia 13 hivi. Asiye na kipimo anaweza kutumia chupa kavu ya kioo: anatia chumvi kavu kidogo, anaongeza punje za mahindi, anaziba na kutikisa kwa dakika chache, kisha anaiacha chupa itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi. Ikishuka chini yote, yamekauka. Maarifa haya ni ya bei ya chupa tupu na kijiko cha chumvi. Lakini chupa ikikuambia kwamba mahindi yanahitaji siku kumi zaidi za jua, na wewe unajua kwamba ukiyaacha nje siku kumi hutayakuta, utafanya nini? Utayaingiza chumbani. Ukungu ulipata nafasi kwa sababu ulinzi wa pamoja haukuwepo.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mkoani Tabora, alitambuliwa mdudu mgeni kutoka Amerika ya Kati. Wataalamu humwita Prostephanus truncatus. Wakulima walimwita dumuzi, na wengine wakampa jina la lori, Scania. Mdudu huyu hutoboa mahindi makavu yakiwa bado kwenye gunzi, na hutoboa hata miti ya kihenge. Gunia la mahindi linageuka unga wa vumbi kabla msimu wa kulima haujafika. Ushauri ukatolewa, nao ulikuwa sahihi: pukuchueni mahindi, changanyeni na dawa ya unga, wekeni kwenye magunia. Wakulima wakafanya hivyo na wengi wakaokoa chakula chao.

Lakini tazameni kilichohama pamoja na mahindi. Kihenge kilikuwa uani, kila jirani alikiona. Mwezi wa kwanza watu waliweza kujua, bila kuuliza, ni nyumba gani imebakiza kidogo. Gunia liko chumbani, chini ya kitanda au nyuma ya kabati, na hakuna anayejua lina nini. Akiba ikawa siri. Na akiba iliyo siri haina mlinzi ila mwenyewe, wala haina shahidi inapokwisha.

Siku hizi tuna mifuko ya kinga njaa, yenye tabaka mbili za plastiki ndani na gunia la kawaida nje. Ilibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani waliokuwa wakishughulikia kunde huko Kameruni. Ukiufunga vizuri, wadudu waliomo humaliza hewa yao na kufa, bila tone la dawa. Ni ubunifu wa kupigiwa makofi. Hata hivyo, mfuko huo ni ghala la mtu mmoja. Haukaushi mahindi yaliyoingizwa mabichi, na haumsaidii mkulima anayelazimika kuuza siku ya mavuno kwa bei ya chini kwa sababu ada ya mtoto haingoji. Kwa hayo tunahitaji kitu kikubwa kuliko mfuko. Hapa Tanzania, Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya mwaka 2005 ilikusudia hicho hasa: mkulima aweke mazao ghalani, apewe stakabadhi, aweze kukopa kwa dhamana yake huku akisubiri bei. Wazo hilo lina undugu na agadir. Linafanikiwa pale mwenye mazao anapomjua na kumwamini mwenye ufunguo, na linanung'unikiwa pale mkulima anapoona mazao yake yakiingia kwenye mlango asioujua, halafu anakaa akingojea malipo.

Jua ni lake, na mvua ni yake

Sasa turudi nyumbani. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi, na zaidi kidogo ya nusu iko Tanzania. Tukizungumzia ziwa hili mbele ya wageni tunapenda kumtaja sangara, kwa kuwa ndiye aliyejenga viwanda na kupanda ndege. Lakini anayelisha watu wa kawaida ni dagaa. Majirani zetu Wakenya humwita omena, Waganda mukene. Dagaa hafai kukaa: ana mwili mdogo, joto letu ni kubwa, na barafu ni ghali. Asipokauka siku aliyovuliwa, kesho ananuka. Kwa hiyo mwalo wa dagaa, yaani ufukwe wanapoteremshwa, ni mji uliojengwa kwa ajili ya kuhifadhi chakula, hata kama hakuna ramani inayousema hivyo.

Ratiba ya mji huo inapangwa na mwezi. Wakati wa giza mitumbwi hutoka jioni na taa, zamani karabai, sasa nyingi za sola, na ukisimama ufukweni usiku utaona ziwa lina mtaa mwingine wenye taa. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawafuati taa. Nyavu hushonwa na mji hupumzika. Alfajiri mitumbwi inarudi. Akina mama wameshafika na ndoo na mabeseni, bei inapatanwa maji yakiwa magotini, na dagaa wanahesabiwa kwa ndoo. Mvuvi analipwa, au anaandikwa deni, kisha anakwenda kulala. Kazi yake imekwisha jua likiwa bado halijachomoza.

Ya mama ndiyo inaanza. Anawamwaga dagaa juu ya mchanga, au juu ya nyavu kuukuu zilizotandikwa, anawasambaza kwa viganja wasilaliane, anarudi kuwageuza, anafukuza ndege na kuku. Jua likiwa kali, alasiri dagaa wanalia kama majani makavu ukiwakusanya. Wanaingia kwenye magunia, wanapelekwa soko la Kirumba Mwaloni jijini Mwanza, na kutoka pale wanasafiri hadi Kongo, Rwanda, Burundi na kwingineko, pamoja na kayabo, sangara aliyetiwa chumvi na kukaushwa.

Hiyo ni siku ya jua. Sasa fikirieni saa saba mchana, wingu linapanda kutoka ziwani. Mwalo wote unakimbia. Watoto, wapita njia, hata mvuvi aliyekuwa amelala, wanasaidia kuanua. Ukiwahi, una dagaa nusu wakavu waliorundikwa chini ya turubai, wanaanza kupata joto na kubadilika rangi. Usipowahi, umekwisha. Dagaa walionyeshewa wanauzwa kwa bei ya kutupa kuwa chakula cha kuku. Mama aliyenunua ndoo kumi kwa mkopo alfajiri anadaiwa ndoo kumi jioni, mvua inyeshe isinyeshe.

Hapo ndipo penye kiini cha mhadhara huu. Mvuvi ameshalipwa. Mchuuzi wa Kirumba hajanunua bado. Halmashauri inangoja gunia lipite getini. Katika mnyororo mzima, mvua imewekwa mabegani mwa mtu mmoja, ambaye mara nyingi ndiye mwenye mtaji mdogo kuliko wote. Kwa upande wa jua mwalo una ushirikiano mwingi. Kwa upande wa mvua kila mtu yuko peke yake.

Wataalamu wanapofika huleta jawabu la chanja, meza ya miti iliyotandazwa wavu. Hewa inapita juu na chini, dagaa wanakauka upesi, mchanga hauwagusi. Kila mpishi aliyewahi kuosha dagaa mara nne na bado meno yake yakasaga mchanga anajua thamani ya chanja. Ukiongeza paa la plastiki angavu, hata manyunyu hayaleti hofu. Basi mbona mchanga bado umejaa dagaa? Tumezoea kujibu kwamba akina mama hawajaelimika. Nawaomba tuache jibu hilo, kwa sababu wao ndio wanaojua kuliko sisi bei ya dagaa wa mchanga na bei ya dagaa wa chanja.

Jibu la kweli liko kwenye ardhi. Chanja inasimama mahali, na ufukwe si wa mama anayeanika. Anapanga kwa siku au kwa msimu, leo yuko hapa, kesho mwenye kambi anamhamisha. Nani atapigilia miti kwenye uwanja wa mtu mwingine? Isitoshe, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sheria hiyo ina sababu njema, wala siombi ifutwe. Lakini matokeo yake ni kwamba kitu chepesi kinachoweza kuhamishwa mara moja, yaani mchanga wenyewe na wavu kuukuu, ndicho kinachobaki salama kwa mnyonge. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kukopesha vikundi, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinaweza kukopeshwa fedha ya chanja na kisipate pa kuisimika. Tumetoa fedha, hatukutoa mahali.

Tulishajaribu pamoja

Najua kuna mzee mmoja au wawili humu wanaosubiri kuniambia: mwanangu, mambo ya pamoja tuliyajaribu. Kweli. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 vijiji vilihimizwa kuwa na mashamba ya ujamaa, na katika miaka ya 1970 mamilioni ya watu walihamishiwa vijijini. Mengi ya mashamba yale ya pamoja yaliota magugu wakati bustani za nyumbani zilipaliliwa. Watu hawakuwa wavivu. Walikuwa wanajua kwamba jasho lao likimwagika kwenye lundo moja haliwezi kutambulika tena ni la nani.

Lakini tusitoe somo lisilotokana na darasa. Kilichoshindwa ni kuchanganya mavuno. Kugawana hatari ni jambo lingine kabisa, na hilo hatujaacha hata siku moja. Msiba ukitokea mtaani daftari linapita kabla ya jeneza kununuliwa. Upatu unazunguka kila wiki. Vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA vina sanduku lenye kufuli tatu na funguo tatu kwa watu watatu, na mfuko wa jamii kwa ajili ya maafa. Akina mama wa mialoni wamo katika vikundi hivyo, wengine zaidi ya kimoja. Utaratibu wa ufunguo na faini tunao, tena umekomaa. Tulichokosa ni kuufunga na mvua, na kuupa uwanja.

Mji wa Chanjani

Sasa niruhusuni nibuni mji, maana mpangaji asiyeweza kubuni hupanga ya jana. Tuuite Chanjani. Haupo, lakini kila kipande chake kipo mahali fulani.

Ramani ya Chanjani haikuanza na barabara kuu. Imeanza na uwanja wa kuanikia, nje ya zile mita 60, wenye mteremko mdogo maji yasituame, na upepo wa ziwa unaufikia bila kuzuiwa na maghorofa. Uwanja umepimwa na umesajiliwa kwa jina la ushirika wa waanikaji, siyo kwa jina la mtu. Chanja zimepangwa kwa safu na zina namba. Kila mwanachama ana zake, na dagaa walio juu yake ni wake peke yake. Cha wote ni uzio, paa la plastiki la safu za dharura, mlinzi, maji safi na choo. Pembeni kuna ghala la vyumba, ufunguo wa lango kwa mlinzi, ufunguo wa chumba kwa mwenyewe. Mlinzi analipwa kwa kila gunia linalotoka salama, hivyo hana faida linapoharibika.

Kisha kuna mfuko wa mvua. Kila ndoo inapouzwa alfajiri, anayeuza na anayenunua wote wanachangia shilingi kidogo. Mvuvi atalalamika, naye aelezwe: mama akifilisika wiki hii, wiki ijayo hana mteja, na dagaa wake hawawezi kumngoja. Mvua ikinyesha, mfuko unafidia sehemu ya hasara, siyo yote, ili mtu asilale akitegemea fidia. Aliyeanika mchangani wakati chanja yake iko wazi hafidiwi. Aliyeacha kuanua ya jirani huku amesimama anatazama anatozwa faini. Hesabu zinasomwa hadharani kila mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imepumzika, kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Msimu wa dagaa ukipungua, uwanja ule ule unapokea mahindi, mpunga na viazi. Wasukuma wana michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa vikiwa vibichi, na matobolwa, vile vinavyochemshwa kwanza. Vyote hivyo leo huanikwa juu ya mawe, juu ya mabati, na mahindi tunayakuta hata kwenye ukingo wa lami magari yakipita. Hatuna mji wenye uhaba wa watu wanaoanika. Tuna miji ambayo mchoro wake una shule, zahanati, soko, msikiti, kanisa na kituo cha polisi, halafu hauna hata mita moja ya mraba iliyoandikwa kuwa ni ya kuanikia chakula.

Najua ugumu wake. Uwanja uliopimwa karibu na ziwa una thamani, na penye thamani wenye nguvu hufika mapema. Chanja zenye namba zinaweza kuishia kwa watu wasiowahi kushika dagaa, wakazikodisha kwa wanaoanika kweli. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya Chanjani iwe kwamba chanja isiyotumiwa na mwenyewe kwa msimu mzima inarudi kwa ushirika. Ugumu wa pili ni wahamaji. Wavuvi hufuata samaki kutoka kisiwa hadi kisiwa, na waanikaji huwafuata. Hapo tujifunze kwa wafugaji wa Tataouine, ambao walihama na bado wakawa na ghala la kurudia. Uanachama uende na mtu kutoka mwalo mmoja hadi mwingine, na daftari la mwalo mmoja litambuliwe na wenzake.

Nimalizie kwa waheshimiwa madiwani, kwa kuwa swali lenu nalijua: fedha zitatoka wapi? Ushuru wa dagaa mnautoza kwenye gunia kavu linalopita getini. Dagaa walionyeshewa wanapita kama chakula cha kuku kwa bei ya chini, na wengine hawapiti kabisa. Maana yake kila wingu linalopasuka juu ya mwalo linapasukia pia kwenye bajeti yenu, ila hamjawahi kuandika hasara hiyo popote. Anzeni kuiandika. Wekeni karani mwaloni kwa mwaka mmoja, ahesabu magunia yaliyokauka na yaliyoharibika, siku kwa siku. Mkishaijua tarakimu, mtakuwa na msingi wa kupanga bei ya paa na ukubwa wa uwanja, na akina mama hawa watakuwa na karatasi ya kuwaulizia kwenye kikao cha bajeti.

Maswali yaanze na waanikaji.